Gurudumu Hili ni la Njia Gani?

Barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo ina urefu wa kilomita 33 hivi, na sehemu kubwa ni kona tupu. Upande mmoja una ukuta wa mlima, upande wa pili una bonde. Baba yangu anatengeneza baiskeli pale chini, Mombo, tangu kabla sijazaliwa. Wateja wake wengi ni watu wanaoshuka na mizigo ya kabichi, karoti na viazi. Wakifika kwenye kibanda chake mpira wa breki umeshaisha. Wengine hawana breki kabisa. Hushusha mguu mmoja na kubana tairi la nyuma kwa kandambili hadi soli inanuka.

Mimi nilishuka barabara hiyo Desemba 2019 nikiwa juu ya magurudumu ya nyuzi za kaboni, na kidogo nisifike.

Niliyanunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Rimu zake zilikuwa na kina cha milimita 50, nyeusi, zinang'aa, na bei yake ilikuwa mishahara yangu miwili. Sikuuliza yametumika kwa kazi gani wala yanataka breki za aina gani. Nilichojua ni kwamba yanafanana na yale niliyokuwa nikiyaona kwenye televisheni chini ya Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne. Kwangu hiyo ilitosha.

Nilipofika nyumbani kwa sikukuu, baba aliyazungusha, akayasogeza sikioni, akazipiga spoki kwa kucha kama anavyofanya siku zote ili asikie kama zimekazwa sawa. Kisha akagonga rimu kwa kidole. "Hii haina mlio," alisema. "Ni kama kugonga boga." Aliona mpira wa breki umebaki kidogo, akaung'oa, akafunga mwingine kutoka kwenye boksi lake. Ulikuwa mpira mweusi, mgumu, ule anaowafungia watu wa mizigo. "Huu ndio wa kushukia mlima," akaniambia.

Kesho yake nilipanda Lushoto kwa basi dogo, baiskeli ikiwa juu ya paa, nikaanza kushuka. Kufika Soni nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Mbele kidogo, breki ya mbele ikaanza kugonga kila gurudumu lilipozunguka, tak, tak, tak. Kwenye kona iliyofuata kulisikika mlio kama wa bunduki. Nashukuru kwamba kona ile ilinitupa upande wa ukuta. Nilivunjika mfupa wa mtulinga, na gari la kabichi likanibeba hadi Mombo.

Baba aliichukua ile rimu akaigeuza kwenye mwanga. Kingo zake zilikuwa zimefura na kufunguka kwa nje, kama andazi lililopasuka kwenye mafuta. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, gurudumu hili lilitengenezwa kwa ajili ya njia gani?"

Sikuwa na jibu. Wala yeye hakusema neno kuhusu ule mpira wa breki aliokuwa ameufunga kwa mkono wake. Lakini tangu siku ile hakuigusa tena baiskeli yangu. Nikija nayo nyumbani aliniachia funguo mezani, akaenda kukaa upande wa pili wa mwembe.

Niliandika habari hizi nikijaribu kulijibu swali lake.

*

Nilianzia kwenye gurudumu analolijua yeye. Baiskeli zile kubwa za inchi 28, za Kiingereza na baadaye za Kichina, zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Baba hahitaji kuhesabu. Anajua nyuma kuna nyingi kwa sababu nyuma ndiko kunakobeba mtu na mzigo.

Gurudumu la aina hiyo si la zamani sana. Karl Drais alipoendesha chombo chake cha magurudumu mawili huko Ujerumani mwaka 1817, magurudumu yalikuwa ya mbao, kama ya mkokoteni. Gurudumu la mkokoteni husimama juu ya njiti zake. Njiti iliyo chini hubeba uzito wote kwa kusukumwa, ndiyo maana lazima iwe nene. Mwaka 1869 huko Paris, Eugène Meyer alipata hataza ya gurudumu lililotumia waya mwembamba. Waya haubebi kitu ukiusukuma, hujikunja. Lakini ukiuvuta una nguvu ya ajabu. Kwa hiyo waya zote zilikazwa mpaka zikawa zinavutana, na rimu ikakaa katikati ya mvutano huo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1874, James Starley wa Coventry akaja na mpangilio wa kupishanisha spoki, zisitoke kwenye habu zikiwa zimenyooka, ili ziweze kuhimili nguvu ya kukanyaga pedeli. Huo ndio mpangilio ambao baba alinifundisha nikiwa darasa la nne: moja inakwenda mbele, moja inarudi nyuma, halafu zinapishana.

Gurudumu lile lilikuwa na sifa moja ambayo sikuithamini hadi nilipoikosa. Likiumia, hukuonyesha. Rimu ya chuma hupinda, huanza kucheza, hugusa breki, na fundi mwenye ufunguo mdogo wa spoki anaweza kuinyoosha chini ya mti.

Kisha likaja tairi la upepo. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alitengeneza tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, akapata hataza mwaka 1888. Ndani ya miaka michache dunia nzima ilitaka mpira. Huku kwetu Afrika habari hiyo ilifika kwa njia nyingine. Katika misitu ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, wanakijiji walilazimishwa kukusanya utomvu wa mpira kwa viwango walivyopangiwa. Wanawake walishikwa mateka ili waume zao waende msituni, na walioshindwa waliuawa au kukatwa mikono. E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli, aligundua jambo hilo kwa kusoma hesabu: meli zilirudi Ulaya zimejaa mpira, na zilizokwenda Kongo zilibeba bunduki na risasi badala ya bidhaa za kulipia. Leopold alinyang'anywa koloni hilo mwaka 1908.

Nilipomsomea baba sehemu hii, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babu yake alikuwa akiwasikia watu waliotoka kule wakisimulia kuhusu mikono. Alidhani ni hadithi za kutishia watoto.

*

Nyuzi za kaboni nazo zina historia ambayo haikuanzia kwenye michezo. Thomas Edison alitumia uzi wa kaboni ndani ya balbu mwaka 1879, lakini ule ulikuwa wa kuwaka tu, usio na nguvu. Nyuzi zenye nguvu zilionekana mwaka 1958, pale Roger Bacon, mwanafizikia aliyefanya kazi katika maabara ya Union Carbide huko Parma, Ohio, alipokuwa akichunguza jambo lingine kabisa: ni katika joto na mgandamizo gani kaboni huyeyuka. Kwenye mabaki ya jaribio lake alikuta vinyuzi vyembamba kuliko unywele, ambavyo ukivivuta vina nguvu kupita chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Akio Shindo wa Osaka alionyesha namna ya kutengeneza nyuzi hizo kutokana na uzi wa akriliki, jamaa ya ule wa kufumia masweta. Waingereza wa Farnborough, katika taasisi ya utafiti wa ndege, wakaongeza nguvu zake. Mwaka 1971 kampuni ya Toray ya Japani ikaanza kuziuza kwa wingi.

Mwaka huohuo kulitokea jambo ambalo nadhani baba angelielewa kuliko mimi. Rolls-Royce walikuwa wakitengeneza injini ya ndege iliyoitwa RB211, na mapanga yake makubwa ya mbele yalikuwa ya nyuzi za kaboni. Yalikuwa mepesi na imara. Lakini injini ya ndege lazima ifaulu mtihani wa ndege wa angani: hurushiwa kuku aliyekufa kwa kasi kubwa, kuona kama itavumilia. Mapanga yale yalivunjika. Wakalazimika kurudi kwenye madini ya titani, gharama za mradi mzima zikapanda, na Februari 1971 kampuni ikafilisika, serikali ikaichukua.

Sababu ni ileile iliyonikuta Soni. Kaboni haina nguvu kila upande. Uzi una nguvu kule unakoelekea. Nyuzi hulazwa tabaka juu ya tabaka, nyingine zikinyooka, nyingine zikikingama, kisha hushikanishwa kwa gundi iitwayo resini na kupikwa ndani ya kalibu. Kazi hiyo ya kulaza tabaka za rimu bado hufanywa zaidi kwa mikono ya watu, katika viwanda vya Taiwan na China. Anayeipanga huamua mapema nguvu itatoka wapi. Ikija kutoka upande ambao hakuufikiria, hakuna uzi wa kuipokea. Na kaboni haipindi kwanza kama chuma, ikakupa muda wa kwenda kwa fundi. Hukaa kimya, halafu huachia.

*

Kwa nini basi mtu aiweke kwenye gurudumu? Kwa wengi wetu jibu la kwanza ni wepesi. Ndivyo nilivyodhani. Jibu la kweli kwa rimu ndefu kama zile zangu ni upepo.

Januari 1984, Mwitaliano Francesco Moser alikwenda Mexico City kutafuta rekodi ya saa moja. Katika rekodi hiyo hakuna mpinzani. Unazunguka uwanjani dakika 60 na wanapima umbali. Eddy Merckx alikuwa ameiweka palepale mwaka 1972 kwa kilomita 49.431. Wote wawili walikwenda huko kwa sababu mji uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Merckx alitumia baiskeli iliyopunguzwa uzito kila mahali, hadi mnyororo wake ulitobolewa. Moser alikuja na baiskeli nzito kuliko ile, yenye magurudumu yaliyozibwa kabisa kama masinia. Januari 19 aliendesha kilomita 50.808. Siku nne baadaye akafika 51.151.

Miezi michache baadaye, siku ya mwisho ya Giro d'Italia, Mfaransa Laurent Fignon alikuwa akimtangulia kwa dakika 1 na sekunde 21. Siku hiyo kila mtu aliendesha peke yake dhidi ya saa hadi Verona. Moser alitumia tena masinia yake. Jioni alikuwa bingwa, akiwa mbele kwa dakika 1 na sekunde 3.

Tangu hapo mafundi waliacha kupima kwa mizani tu. Ukiendesha kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa kabisa ya nguvu zako inaishia kusukuma hewa, na ukitaka kuongeza kasi mara mbili, nguvu ya kuishinda hewa inapanda mara nane. Gurudumu lina shida yake ya ziada: sehemu yake ya juu husonga mbele kwa kasi mara mbili ya baiskeli yenyewe, huku spoki zikiikata hewa kama mwiko kwenye uji. Huko Minnesota, Marekani, Steve Hed na mwenzake Robert Haug walitafuta umbo la rimu ambalo halishughulikii upepo wa mbele tu. Upepo wa barabarani mara nyingi huja kwa pembe. Hugonga tairi, hupita juu ya rimu, kisha huvuka upande wa pili, ambako rimu ndiyo inayoupokea kwanza na tairi kuwa nyuma. Kwa hiyo rimu ikafanywa pana, yenye tumbo, mviringo pande zote mbili. Hataza yao ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndiyo iliyozaa maumbo mengi tunayoyaona leo. Umbo kama hilo, refu na lenye tumbo, ukilitengeneza kwa chuma linakuwa zito mno. Hapo ndipo kaboni ilipopata kazi yake.

Lakini ubao unaokata upepo wa mbele ni tanga kwa upepo wa ubavuni. Mtu yeyote aliyekulia pwani anajua tanga hufanya nini. Rimu ya milimita 80 kwenye gurudumu la mbele, pale lori linapokupita au unapotoka nyuma ya kilima, inaweza kukunyang'anya usukani. Kwa hiyo waendeshaji wengi wa mbio dhidi ya saa huweka sinia nyuma, ambako haligeuzi usukani, na mbele huweka rimu fupi kuliko hiyo.

Na wepesi je? Nilikaa na kalamu. Tuseme mimi na baiskeli yangu tuna kilo 75, na magurudumu ya kupandia mlima ni mepesi kwa gramu 200 kuliko yale marefu. Hiyo ni chini ya theluthi moja ya asilimia moja. Kwenye mlima wa saa nzima nitaokoa kama sekunde 10. Kwa anayeshindania ushindi, sekunde 10 ni nyingi. Greg LeMond alimpokonya huyuhuyu Fignon Tour de France ya mwaka 1989 kwa sekunde 8. Kwangu mimi ni muda wa kufuta jasho. Nilikuwa nimelipa mishahara miwili kwa ajili ya kitu ambacho sikukihitaji, na nikakipeleka mahali kisipopataka.

*

Yalibaki mawe na joto, mambo mawili ambayo baba huyashughulikia kila siku.

Mbio za Paris–Roubaix hupita kwenye zaidi ya kilomita 50 za njia za mawe, zilizowekwa kwa ajili ya mikokoteni ya wakulima. Kwa miaka mingi hata timu tajiri ziliacha kaboni nyumbani siku hiyo na kuja na rimu za aluminiamu zenye spoki nyingi, ndugu wa magurudumu ya Mombo. Mwaka 2010 Mswisi Fabian Cancellara aliishinda akiwa kwenye rimu za kaboni. Zilikuwa zimefanywa pana na ngumu kwa makusudi hayo, na tairi zake zilikuwa nene kuliko za siku za kawaida. Baada ya hapo upana ukawa ndiyo habari. Leo rimu nyingi za barabarani zina upana wa ndani wa milimita 21 hadi 25, na huvaa tairi za milimita 28 hadi 32, nyingi zisizo na tyubu. Tairi pana lenye upepo wa wastani hupita juu ya shimo pale ambapo lile jembamba lingedunda. Kila suluhisho nalo lilileta tatizo lake. Rimu zisizo na kulabu za kushikilia tairi ni nyepesi na rahisi kutengeneza, lakini Februari 2024, kwenye mbio za UAE Tour, tairi la Mbelgiji Thomas De Gendt lilitoka kwenye rimu ya aina hiyo, akaanguka, na mjadala wake haujaisha.

Joto ndilo lililonipata mimi. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni karibu mita 1,000 za kushuka. Nguvu ya mtu na baiskeli inayopotea katika kushuka huko, kama yote ingeingia kwenye breki, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Kwa sehemu upepo huichukua. Iliyobaki, kwenye baiskeli kama yangu ya wakati ule, huingia kwenye kingo za rimu, kwa sababu ndizo zinazobanwa na breki. Chuma na aluminiamu hulisambaza joto haraka. Kaboni iliyolazwa kwenye resini hulishikilia palepale. Resini ikipata joto la kutosha hulainika, na wakati huohuo tairi lililojaa upepo linasukuma kingo kwenda nje. Ndiyo maana rimu hizo zilitengenezewa mpira wa breki wa aina yake. Mpira mweusi wa kawaida huongeza joto zaidi. Na njia salama ni kubana kwa nguvu, kisha kuachia ili ipoe. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania breki kuanzia juu, kwa woga.

Chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kilianza kuruhusu breki za diski kwa majaribio mwaka 2015, na kuziidhinisha rasmi kwenye mbio za barabarani mwaka 2018. Kwa breki hizo joto huenda kwenye sahani ya chuma iliyo kando ya habu. Rimu haiguswi. Wapenzi wa mambo ya kale walilalamika kwamba zimeharibu sura ya baiskeli. Mimi sikulalamika.

*

Septemba 2025 nilipanda basi hadi Kigali, kupitia Rusumo, kuangalia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza. Nilifikia Nyamirambo, ambako Kiswahili kinakupeleka popote.

Jumapili ya kwanza ilikuwa mbio dhidi ya saa: kilomita 40.6 kwa wanaume. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alipita na sinia nyuma, linanguruma kama ngoma iliyofunikwa, na kabla ya kumaliza akampita Tadej Pogačar wa Slovenia, ambaye alikuwa ameanza dakika mbili na nusu mbele yake. Jumapili iliyofuata, kwenye mbio za pamoja, hapakuwa na sinia hata moja, kwa sababu kanuni hazilikubali katikati ya kundi. Safari ilikuwa ya kilomita 267.5, na milima yake ukiijumlisha ilizidi mita 5,000. Nilisimama kwenye kipande kile cha mawe kinachopanda kwa Mutwe, kile walichokiita Ukuta wa Kigali. Ni kama mita 400, lakini mkali kama ngazi. Pogačar alishambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akamaliza peke yake, na Evenepoel akawa wa pili. Wapanda baiskeli zaidi ya 160 walianza. 30 tu walifika mwisho.

Nikiwa pale juu ya mawe niliona watu walewale wawili, katika mji uleule, kwa tofauti ya siku saba, wakiwa kwenye magurudumu tofauti. Hakuna aliyewauliza lipi ni bora. Mafundi wao walikuwa wameshauliza njia kwanza.

Kando yangu alisimama kijana wa Kinyarwanda mwenye baiskeli ya mizigo, ile yenye karia ndefu ya chuma. Aliniuliza kwa Kiswahili magurudumu yale yanauzwa shilingi ngapi. Nilipomwambia, alicheka, akapiga karia yake kwa kiganja. "Na hayabebi hata gunia," akasema.

*

Niliporudi nilimjibu baba, kwa kuchelewa karibu miaka sita. Nilimwambia kwamba gurudumu lile lilitengenezwa kwa barabara tambarare yenye upepo, kama ile ya kwenda Bagamoyo, kwa mtu anayekwenda kasi na kubana breki mara chache. Nikamwambia pia kwamba mpira wa breki peke yake haukuwa kosa. Mnunuzi aliyeshindwa kuuliza ni mimi. Fundi hawezi kulijua gurudumu ambalo mwenyewe halijui.

Hakusema kitu. Lakini kesho yake aliuliza kama ninayo rimu nyingine.

Nilikuwa nayo. Mwaka huo nilikuwa nimepata baiskeli ya mtumba yenye breki za diski, na nimeagiza rimu mbili za kaboni za milimita 35, pana kwa ndani milimita 23, zenye matundu 28 kila moja. Si nyepesi kuliko zote wala si ndefu kuliko zote. Niliichagua milimita 35 kwa sababu ninaishi Dar lakini kwetu ni Usambara, na sina hela ya jozi mbili. Spoki nilinunua za chuma, za kawaida, ambazo zikikatika nitazipata Korogwe. Tairi ni la milimita 32.

Baba alikaa nazo siku mbili chini ya mwembe. Alilalamika kwamba nati za spoki ni ndogo kwa macho yake, akamwita mjukuu amsomee maelezo ya kukaza. Aliogopa kukaza kupita kiasi; kila baada ya mizunguko michache alisimama na kupiga spoki kwa kucha, akisikiliza. Zilipokuwa tayari zote zilitoa sauti moja.

Alikataa nishuke peke yangu. Alikodi bodaboda Lushoto, akanifuata, na kila baada ya kona kadhaa alipiga mluzi nisimame. Tulipofika Soni, karibu na maporomoko, aliteremka, akalowesha kidole kwa mate na kugusisha kwenye sahani ya breki. Iliunguruma. Akakivuta kidole haraka, akakipuliza. Kisha akaweka kiganja chake chote juu ya rimu, akakiacha hapo kwa muda, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Baridi," alisema. "Twende."